Ng'ombe Wawili Ukutani

Tangu nirudi Mwanza kila mtu ananiuliza nilikuwa wapi, na kila mtu nimempa kipande chake cha habari, kutegemea siku hiyo tulikuwa tunakula nini. Sasa nasikia mmeanza kulinganisha vipande na kuniona mwongo. Basi hii hapa yote, kutoka Biharamulo nilikozaliwa mpaka Ngara na kurudi, nikiwa na bibi mmoja mkali na magunia mawili ya udongo mweupe.

Aliyenituma ni mdogo wangu Editha. Wengi mnamjua: ni nesi kwenye zahanati ya kijiji cha Mkumbwe, ndani kabisa kutoka barabara ya lami, wilaya ya Biharamulo. Wanakijiji wa pale walifyatua tofali wakajenga nyumba ya kusubiria. Mjamzito anayekaa mbali anakuja kulala hapo siku zake zikikaribia, ili uchungu usimkute njiani. Nyumba ikaisha, vitanda vikaletwa, wanawake hawakuja. Walisema inanuka saruji na imekaa kama mahabusu.

"Kaka," Editha aliniambia kwenye simu, "kuna mmoja namwogopea. Anaitwa Milembe. Mwaka juzi uchungu ulimkuta kwenye bodaboda, mtoto hakupona. Sasa ana mimba kubwa tena, na mama mkwe wake anasema mke wa mwanawe hawezi kulala mahabusu."

"Sasa mimi nifanye nini? Nikazalishe?"

"Uende Ngara. Kanazi kuna bibi anachora nyumba. Nilipokuwa nafanya kazi kule niliziona, huwezi kupita bila kusimama. Niletee huyo bibi kabla Milembe hajafikisha siku. Si wewe huwezi kukaa sehemu moja?"

Ni kweli, siwezi. Jioni hiyo begi lilikuwa tayari, na mke wangu hakushangaa hata kidogo.

Biharamulo hadi Benaco

Nililala kwa mjomba Biharamulo na asubuhi nikapanda basi. Njia hii naipenda kwa sababu za kizee. Nilipokuwa mtoto, magari yalikuwa yanasubiriana kabla ya kuingia msituni, yanapita kwa msururu na askari wenye bunduki mbele na nyuma, na mama alikuwa anatuambia tulale chini kabisa kwenye viti. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani nikitamani angalau jambazi mmoja. Siku hizi unapita msitu mzima umelala, mdomo wazi, na hakuna anayekuonea huruma.

Tulichelewa kwa sababu ya konda. Baada ya Nyakahura aliona mikungu ya ndizi barabarani, akasimamisha gari, akashuka kununulia harusi ya dada yake. Abiria walilalamika kwa muda mfupi, kisha mama mmoja akasema, "Huyu hajui kuchagua ndizi, atatuaibisha," akashuka kumsaidia. Wakashuka wengine. Mwishowe basi zima lilikuwa chini likiminya ndizi na kubishana kama harusi ni ya watu wangapi. Tulipoondoka tulikuwa tunamjua bwana harusi kwa jina, na kuna mzee aliyekuwa tayari ameshamkataa.

Benaco nikashuka, nikala mhindi wa kuchoma nimesimama kati ya malori. Nikiwa na umri wa kuanza sekondari, hapa palikuwa na mahema ya wakimbizi mpaka macho yanachoka. Nilimwambia hivyo muuza mahindi. Akasema, "Kaka, mimi nilikuwa sijazaliwa, chumvi iko hapo." Nikaweka chumvi, nikapanda gari ndogo kuelekea Ngara mjini, na kutoka huko bodaboda mpaka Kanazi.

Kanazi

Nyumba ya kwanza niliiona kabla ya kuuliza. Nyumba ya udongo ya kawaida kabisa, ila ukuta wa mbele ulikuwa mweusi kwa masizi, na juu ya weusi ule ndege wawili weupe wamesimama wakitazamana. Nikamwambia dereva asimame. Akasema, "Wageni wote wanasimama hapo. Huyo ni Bibi Verediana. Twende, bado kuna nyingine saba."

Bibi mwenyewe tulimkuta kwenye ukuta wa jirani yake mzee, mikono imezama mpaka viwikoni kwenye udongo. Mwanamke mfupi, mkavu, kilemba kimekaa upande.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Una mikono safi wewe. Njoo."

Sikupata hata kueleza nimetoka wapi. Alinipa beseni la samadi ya ng'ombe na majivu nikande, na nilikanda mpaka jua likapinda. Huku nakanda ndiyo nikapata habari zake. Hakuna aliyemfundisha. Alipofiwa na mumewe nyumba ilianza kupasuka, akawa anaziba nyufa kwa udongo mweupe wa bondeni, na siku moja akaona ufa alioziba unafanana na shingo ya korongo. Akamwongezea miguu. Kesho yake akamwongezea mwenzake, kwa sababu, alisema, yule wa kwanza alimkosesha usingizi kwa upweke.

Sasa wenye nyumba za wageni na baa za Ngara mjini wanamfuata awachoree. Anawatoza bati. Hataki kingine. Bati zikifika anazipeleka kwa yeyote ambaye paa lake linavuja, na akishaliezeka anamchorea na ukuta bure, "kwa sababu nyumba ikipata kofia inataka na nguo." Yule mzee jirani alikuwa amekaa nje akitazama bati zake mpya, akaniambia, "Huyu mwanamke ukimwambia asante anakupa kazi." Nilikuwa nimeshaona.

Nilipomweleza habari ya Mkumbwe alinawa mikono kwanza, taratibu, ndipo akaniuliza.

"Huyo binti, mtoto alimfia njiani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nitakuja. Lakini udongo wa huko siujui, na wenyewe haunijui. Tutabeba wa hapa. Na tutapita Kabanga."

"Bibi, Kabanga ni kinyume. Sisi tunarudi huku."

"Kwani bluu iko huko unakorudi?"

Kabanga, tulikokwenda kinyume

Bluu anayotumia ni ile ya kufulia nguo nyeupe, na anaamini nzuri inatoka ng'ambo ya mpaka. Tulipofika Kabanga wabadilisha fedha walinizunguka na mabunda yao, "Mzee, faranga? Faranga, mzee?" Bibi akanishika mkono kama mtoto wa chekechea akanipitisha katikati yao.

Bluu ilikuwa imeisha maduka yote. Tukaambiwa kuna mama anavuka nayo kutoka Burundi, tumsubiri. Tukasubiri kwenye kibanda cha mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, mishikaki mizuri kiasi kwamba nilianza kuombea yule mama achelewe. Mwenye kibanda alikuwa ameamua kwamba Bibi ni mama mkwe wangu. Alimpa kiti chenye mto, mimi nikapewa kreti, na kila nilipochukua kipande cha nyama alinitazama vibaya.

"Mpe mama kwanza."

"Si mama mkwe wangu, ndugu."

"Ndiyo maana hupendwi," akasema, akahamishia kipande changu kwenye sahani ya Bibi. Bibi akakila. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakumrekebisha. "Nyama ilikuwa laini," akajibu.

Yule mama wa bluu alifika alasiri. Tulipomwambia tunataka mzigo wote alituangalia juu mpaka chini.

"Mna mashuka ya hospitali?"

"Tuna ng'ombe," Bibi akasema. Mama wa watu akaondoka anatikisa kichwa.

Stendi ya Ngara

Asubuhi tulikuwa stendi ya Ngara mjini, magunia mawili ya udongo yamekaa kwenye benchi la muuza chai, gari letu limeinuliwa kwa jeki na fundi yuko chini yake anaimba. Gunia moja lilikuwa limepasuka kidogo, na vipande vyeupe vinaonekana.

Dada mmoja mjamzito alipita, akarudi, akapita tena. Mwishowe akainama. "Shikamoo, Bibi. Samahani. Huo ni wa kula?"

"Ni wa kuchorea, mwanangu."

"Naomba kidogo tu. Nimeusikia harufu toka kule sokoni. Mate yamenijaa."

Bibi akamvunjia kipande. Yule dada alikitafuna amefumba macho, kama mtu anayesali. Sijui habari zilisambaaje, lakini fundi alipomaliza wimbo wa pili tulikuwa na wajawazito wanne, mmoja akiwa ametumwa na mwenzake aliyeshindwa kushuka kilima. Nilijaribu kulinda gunia.

"Bibi, hautatosha."

"Wewe umewahi kubeba mimba?"

"Hapana."

"Basi kunywa chai."

Gari lilipopona, gunia moja lilikuwa limebaki nusu.

Kizuizi

Mahali fulani kabla ya Lusahunga kuna kizuizi cha ukaguzi. Wilaya hizi zina dhahabu huku na madini mengine kule, kwa hiyo mtu akiona mwanamke mzima amebeba magunia ya mawe, haulizi kama ni ya kuchorea.

"Nini hii?" akauliza kijana wa ukaguzi, mpole tu, sare imenyooka.

"Udongo," nikasema.

"Kila anayepita hapa anasema ni udongo."

Akatuomba tushuke. Gari likaondoka na wenzetu, wakitupungia mikono kama tunazikwa. Kijana akachukua kipande, akakinusa, akakilamba, akamwita mwenzake naye akalamba. Wakakubaliana kwamba hakina ladha ya madini, ingawa sidhani kama kuna kati yao aliyeijua ladha hiyo. Wakampigia mkubwa wao. Mkubwa akasema anakuja.

Bibi alichoka kusubiri. Aliomba maji kwenye kikombe, akavunja udongo, akasogea kwenye ukuta wa kibanda chao uliokuwa na vumbi jekundu, na kwa vidole viwili na kijiti alichokitafuna ncha akachora jogoo. Mkia, upanga, kucha. Wale vijana wakasahau barabara. Lori likapita bila kuulizwa.

"Bibi, mchoree na jicho."

"Tulia, jicho ni la mwisho. Akiona mapema atakimbia."

Akachora na jogoo wa pili, anamtazama wa kwanza.

"Kwa nini wawili, Bibi?"

"Mmoja atawika, nani atamjibu?"

Mkubwa alipofika aliutazama ukuta, akatutazama sisi, akawauliza vijana wake kwa nini midomo yao ni myeupe. Kisha yeye mwenyewe akasimamisha lori la mizigo na kumwambia dereva atufikishe kwenye njia ya Mkumbwe.

Mkumbwe

Editha alifurahi kutuona, mpaka Bibi alipoanza kumsimulia habari za stendi.

"Mmewalisha wajawazito udongo?" Alinigeukia mimi. "Kaka! Mimi kila kliniki nafundisha wasile udongo!"

"Walikuwa na hamu," Bibi akasema.

"Una minyoo ule, Bibi!"

"Ndiyo maana niliwapa wa katikati ya gunia."

Hawakuelewana kwa hilo, na nadhani mpaka leo hawajaelewana. Lakini kazi ilianza. Watu wa Mkumbwe wengi ni Wasukuma, wazazi wao walihamia na ng'ombe kutoka Shinyanga na Mwanza, na walitulisha vizuri sana. Walituletea matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa. Bibi alitafuna cha kwanza muda mrefu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni chakula au ni kiatu. Siku iliyofuata alikuwa anaviomba mwenyewe.

Alichora kwa siku kadhaa, mlango umefungwa, mimi nakanda, na udongo uliobaki akiupima kwa vidole kama chumvi. Kuta zikawa nyekundu kama ardhi ya nje, chini mstari wa bluu, na juu yake kila kitu cha nyumbani: kuku wawili, vyungu viwili, miti miwili, na ukutani juu ya vitanda ng'ombe wawili wakubwa wenye pembe ndefu, wamegusana pua. Harufu ya saruji ilikuwa imekufa kabisa. Mahali palinuka jiko la asubuhi.

Siku ya kufungua mlango walikuja wanawake wengi. Walicheka, walishangilia, mmoja alimpigia vigelegele ng'ombe mmojawapo akidai ni wa baba yake. Milembe alikuja nyuma ya mama mkwe wake, tumbo limeshuka. Mama mkwe, Mama Masanja, alikuwa mwanamke mrefu mwenye bangili za shaba. Akazunguka chumba polepole, akinyoosha kidole.

"Nani amechora?"

"Mimi hapa," Bibi akasema, akakiweka sawa kilemba.

"Kuku wawili. Vyungu viwili. Miti miwili. Ng'ombe wawili." Akawageukia wenzake. "Mnaona? Kulwa na Doto. Kulwa na Doto kila ukuta! Mke wa mwanangu alale hapa anaangalia Kulwa na Doto mchana na usiku, mnadhani atazaa nini?"

Vicheko vikakatika. Wanawake wakaanza kuhesabu kuta kwa macho, na mmoja mwenye tumbo dogo akatoka nje akiwa amejifunika uso.

"Mama, mapacha hawaji kwa kuangalia picha," Editha akasema.

"Wewe nesi umezaa wangapi?"

Editha hana mtoto. Mtu alicheka, akajizuia.

"Mmoja tu alimshinda kumfikisha," Mama Masanja akaendelea, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena. "Mmoja. Mimi ndiye niliyekuwa naye siku ile njiani. Wawili watamtoa roho. Na hao Kulwa na Doto wana miiko yao, wana sherehe zao, nani atazifanya? Twende, Milembe."

Akatoka, na wote wakamfuata uani. Niliona pale kazi yote imekwisha: konda na ndizi zake, Kabanga, kizuizi, yote. Nikamvuta Bibi pembeni nikamweleza kwamba kwa Wasukuma jambo la mapacha ni zito.

"Hata kwetu mapacha wana mambo yao," akasema. "Lakini hawaingilii machoni." Alikuwa amekasirika. Aliangalia ng'ombe wake, akanung'unika kitu kwa Kihangaza cha kwao nisichokisikia vizuri, na ni bora sikusikia. Kisha akapandisha mikono ya nguo yake.

"Lete maji na kitambaa."

"Bibi, unataka kufuta?"

"Nimechora ili warare humu. Wasiporara, nimechora nini?" Akikasirika huwa anarudi kwenye matamshi ya kwao.

Nikaleta. Alianza na kuku mmoja. Alimfuta kwa mkono mzito, mkia, mabawa, jicho, mpaka pakabaki doa, na kuku wa pili akabaki anatazama ukuta mtupu. Mimi niliangalia sakafu. Alipohamia kwa ng'ombe, akainua kitambaa, sauti ikatoka kitandani.

"Bibi, huyo muache."

Tuligeuka wote wawili. Alikuwa Milembe. Watu walipokuwa wanabishana uani, yeye alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, amevua viatu, amejilaza ubavu chini ya wale ng'ombe, mkono mmoja umeshika tumbo.

Mama Masanja alikuwa amemkosa uani. Akatokea mlangoni.

"Milembe! Toka humo."

"Sitoki, mama."

"Utazaa mapacha wewe!"

"Basi nizae." Hakupandisha sauti. "Mwaka juzi nilirudi nyumbani na kanga tupu. Wakija wawili, nitawabeba wawili. Mimi nalala hapa."

Kitambaa cha Bibi kilikuwa kinadondosha maji sakafuni. Mama Masanja alisimama mlangoni muda mrefu, bangili zake hazilii. Kisha akaingia, akapita mbele ya Bibi, akaenda kwenye kitanda cha pili na kuliminya godoro kwa kiganja.

"Jembamba," akasema. Akakaa. Akapaza sauti kwa mwanawe aliyekuwa nje na baiskeli. "Masanja! Kaniletee mkeka wangu na michembe ya viazi. Na kanga. Lete zote."

Baada ya hapo

Tulikaa mpaka kesho yake, Bibi akamrudisha yule kuku aliyemfuta bila kuombwa na mtu. Jioni ile wanawake wengine wawili walikuwa wamekuja na vyombo vyao, wa kwanza akisema amekuja kumwangalia Milembe tu, wa pili akichagua kitanda moja kwa moja. Niliwaacha Bibi na Editha waagane huku wanabishana kuhusu minyoo. Nikamsindikiza Bibi mpaka Lusahunga, nikampakia gari la Ngara, naye akanipa kiazi chake cha mwisho, heshima ambayo sikuitarajia.

Nilikuwa Biharamulo kwa mjomba simu ilipolia.

"Kaka, Milembe amejifungua," Editha akasema. "Mchana kweupe, zahanati, kwa miguu yake kutoka kitandani. Wote wazima. Mtoto wa kike."

"Mmoja?"

"Mmoja. Sasa ngoja nikwambie." Alikuwa anacheka na nadhani alikuwa analia pia. Mama Masanja, alisema, alikuwa amesimama nje ya chumba na kanga mpya mbili, moja kila bega. Editha akamtolea mtoto. Akampokea kwa mkono wa kushoto, akambana kifuani, na mkono wa kulia akauacha umenyooka mbele, kiganja wazi, anasubiri.

"Mama, ndiye huyo tu," Editha akamwambia.

Mama Masanja akamtazama mtoto, akautazama mlango nyuma ya Editha, na mkono hakuushusha.

"Umeangalia vizuri?" akauliza.